Taa za Duka la Sabapathi

Kazi yangu ni kufunua sari mbele ya wateja na kuzikunja wakishaondoka, hapa Kanchipuram, dukani kwa Sabapathi. Haya niliyaona nikiwa nimekaa kwenye mkeka wangu, na kila nikiyakumbuka damu inanichemka.

Poongodi ni binti wa Ekambaram, mtia rangi wa hariri. Kwetu sisi rangi ya hariri haihukumiwi ndani ya nyumba. Nyuzi zikitoka kwenye sufuria hupelekwa nje, zikatazamwa juani asubuhi, ndipo neno lisemwe. Poongodi alikulia kwenye kazi hiyo, mikono myekundu hadi viwikoni, na mdomo mkali kuliko wa shangazi zake wote. Alipoaga kwamba anakwenda Chennai kusomea mwanga na jinsi jicho linavyoona, mtaa ulimcheka.

"Kusomea taa?" jirani mmoja alimwuliza. "Si ununue balbu tu, mdogo wangu?"

"Ungejua macho yako yanavyokudanganya, dada," Poongodi alimjibu, "usingeolewa na huyo uliye naye."

Alisoma, akahitimu, akawa mpangaji wa taa: hospitali, majumba ya sanaa, maduka. Sabapathi alipojenga duka jipya lisilo na dirisha hata moja, alimwita yeye. Mimi nilikuwepo Poongodi akimweleza. Alisema jicho huizoea taa. Ukikaa chini yake muda kidogo, unjano wake unauona kuwa weupe. Alisema pia kwamba rangi mbili zilizotiwa kwa dawa tofauti zinaweza kufanana kabisa chini ya taa, na jua likazitenganisha. Kwa hiyo alitaka upande wa kaskazini utobolewe dirisha la kioo safi, mteja akaangalie sari yake pale kabla ya kulipa. Sabapathi alikubali kila neno. Alikuwa anasikiliza kama mwizi anayeelekezwa ufunguo ulipo.

Poongodi alipomaliza kazi na kurudi Chennai, dirisha lile lilizibwa kwa kabati la vikombe vya chuma, zawadi za wateja. Taa zake ziliondolewa, zikawekwa nyingine zinazoufanya wekundu uwake. Mlangoni akasimamishwa mlinzi: sari isiyolipiwa haivuki kizingiti. Mama zetu waliozoea kutoka na kitambaa barazani wakikigeuzageuza juani, sasa wakawa wanarudishwa ndani kama watoto. Na hakuna aliyefunuliwa sari kabla hajamaliza kahawa. Watu walisema, huyu bwana ana ukarimu. Ukarimu gani? Kahawa ile ilikuwa ya kuyapa macho muda wa kuzizoea taa.

Kisha akaanza wizi wenyewe. Nyuzi za mwili wa sari alizipeleka kwa Ekambaram, zikarudi rangi ya damu ya mzee kama inavyotakiwa. Nyuzi za pindo akanunua za bei ya chini, zimeshatiwa rangi huko zilikotoka, akazilinganisha mwenyewe chini ya taa zake. Wafumaji wakamwambia rangi hazipatani. Akawajibu wafume, kuuza ni kazi yake.

Bi Visalakshi alimnunulia mpwa wake sari ya arusi hapo. Bibi arusi akatoka kwenye ua wa hekalu asubuhi, jua likampiga, na pindo lote likageuka rangi ya maini. Wakwe wakaanza kunong'onezana. Baada ya arusi Bi Visalakshi alikuja na sari mkononi, duka limejaa, na Sabapathi akainua sauti ili kila mtu asikie.

"Nisamehe, mama. Mtia rangi wetu amezeeka. Macho yake yamekwisha. Namvumilia kwa huruma tu."

Kwa huruma! Nilimpigia Poongodi simu kabla sijala chakula cha mchana. Lakini maneno yana miguu. Aliposhuka kwenye basi, wafumaji walikuwa wameshahamishia nyuzi zao kwa watu wengine, na sufuria za baba yake zimepoa. Mzee aliyetia rangi hariri za mabibi arusi wa mji huu tangu ujana wake alikuwa amekaa kibarazani, hana hata fungu moja la nyuzi la kuloweka.

Ilikuwa mwezi wetu wa Aavani, arusi zimefunguliwa tena baada ya mwezi mzima wa mwiko, dukani hakuna pa kuweka mguu. Poongodi aliingia hajafunga hata maua kichwani kama desturi yetu.

"Mwanangu," Sabapathi akaanza, "yale ni maneno ya biashara. Nitamtumia baba yako mchele."

"Mchele wako upike mwenyewe. Uliyasema mbele za watu. Yafute mbele za watu."

"Nifute nini? Nenda mahakamani ukamwambie jaji kwamba nyekundu si nyekundu."

Wauzaji wenzangu wakacheka. Poongodi alipita nyuma ya meza ya fedha, akafungua kisanduku cha umeme alichokipangia mahali yeye mwenyewe, akashusha swichi kubwa.

Duka lote likawa giza. Mama mmoja akasema, "Jamani, twendeni nje," na wote wakafuata, sari zikiwa mikononi na mabegani. Mlinzi alinyoosha mikono, angezuia wangapi? Sabapathi alikimbia nyuma yao akipiga kelele, "Wezi! Wezi!" Barabarani wanawake walikuwa wameshazikunjua hariri juani, kama walivyofanya mama zao. Wekundu ukabaki wekundu. Mapindo yakawa maini, moja baada ya jingine.

"Hili langu limeoza," mmoja alisema.

"Langu je? Ningevaa hili mbele ya wakwe?"

Bi Visalakshi alikuwa kwa muuza maua, ng'ambo ya barabara. Akavuka, akashika sari ya kwanza iliyo karibu.

"Nani katia rangi hii?"

"Mwili, baba yangu," Poongodi alisema. "Pindo alilinunua bwana huyu, akalichagua kwa macho yake."

Bi Visalakshi akamgeukia Sabapathi. "Basi macho ya nani yamekwisha?"

Sabapathi alijaribu kucheka. Hakuna aliyecheka naye. Akanong'ona kwamba labda palikuwa na kosa kidogo la pindo.

"Mimi usinieleze," Poongodi alisema. "Twende kwake."

Alimtembeza kwa miguu mpaka mtaa wa watia rangi, wanawake nyuma yao, nami nyuma ya wanawake, nikijua wazi kwamba kesho sina kazi. Ekambaram alikuwa palepale kibarazani. Hakuinuka. Sabapathi alijipangusa jasho, akainama, akasema kwa sauti ya chini kwamba kosa halikuwa la mzee.

Ekambaram akamtazama usoni.

"Sijakusikia, bwana," alisema. "Macho yangu mazima. Masikio ndiyo yamechoka. Sema kwa sauti ile uliyosemea dukani."

Milango ikafunguliwa mtaa mzima, wafumaji wakatoka, na Sabapathi akasema tena, kwa sauti.