Wasifu Uliochapishwa Wote

Kwetu, upande wa Tawa, mtu huzikwa kwa Kiingereza. Nyimbo ni za Kikamba, maombi pia, lakini wasifu wa marehemu sharti uandikwe kwa Kiingereza na uchapishwe mjini Wote kwenye karatasi inayong'aa, hata kama nusu ya waombolezaji wataangalia picha tu.

Wasifu wa mume wangu niliuanza mimi. Nilisoma hadi darasa la nane, basi, lakini sikutaka mtu mwingine aanze. Niliandika, "Despite he was sick, we harvested." Nilitaka kusema kwamba ingawa alikuwa mgonjwa, tulivuna.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ni mwalimu kule Mwingi. Alisoma akacheka, kisha akakumbuka tuko matangani.

"Shemeji, hapo ni although. Despite haivuti sentensi nzima. Umefunga mbuzi kwenye plau."

"Basi mfungue."

Akarekebisha. Halafu akaongeza sentensi yake mwenyewe, akanisomea: although mke wake alimsihi aende hospitali, yeye alikataa.

"Mimi sikumsihi," nikamwambia.

"Watu watauliza kwa nini alikaa nyumbani na kifua kile."

"Weka because. Kwa sababu mbaazi zilikuwa zimekauka, na tulikuwa wawili tu shambani."

Aliweka kalamu chini. "Because itakuanika mbele ya watu, shemeji. Although itakufunika. Chagua."

Sikujibu. Alingoja kidogo, akachukua kimya changu kuwa jibu, na karatasi ikaenda Wote.

Siku ya mazishi ni yeye aliyesoma. Mama mkwe alikuwa kando yangu chini ya turubai, karatasi mapajani, kidole juu ya picha ya mwanawe. Kiingereza hajui. Sentensi ile ilipofika niliinamisha kichwa, naye akaniona.

"Hapo amesema nini?"

Ningeweza kumwambia, amesema alipenda watu. Nani angejua?

"Amesema nilimwomba aende hospitali akakataa. Si kweli, mwaitu, mama yangu. Nilimwambia tumalize kwanza shamba la chini."

Kwaya ilisimama, ikaimba, ikaketi.

"Na mimi niliyewaambia mbaazi zikipasuka zitamwagika zote," akauliza polepole, "nimeandikwa wapi?"

"Hujaandikwa, mwaitu."

Akaikunja karatasi, picha ikabaki ndani, akaishika hivyo mpaka kaburini.

Mbaazi zile bado ziko kwenye magunia nyuma ya mlango wa jikoni. Tunanunua maharagwe sokoni. Mama mkwe hajaniuliza kwa nini sizipiki, nami sijamuuliza kwa nini haulizi.