Kanga ya Mwajuma Kwenye Barafu

Miaka imepita, lakini nikikumbuka nilivyolala chali mbele ya ukumbi mzima pale Stockholm uso bado unaniwaka, kwa hiyo nichekeni mapema tuendelee.

Ilikuwa miaka ya sabini, mimi mwanafunzi wa ufundi kutoka Morogoro, nakaa Rågsved, kitongoji cha Stockholm, na mke wangu Mwajuma, na jirani yetu Msweden ana kijana wa miaka kumi na minane, Lasse, anacheza hoki ya barafu, basi mimi (ambaye barafu niliijua ya kwenye glasi tu) nikawatangazia Watanzania wenzangu kwamba huyu atachukuliwa na klabu za Kanada. Wakanicheka. Hata baba yake alisema kipaji anacho, ila moyo mwepesi, akitazamwa anatetemeka.

Siku wasaka vipaji wawili kutoka Kanada walipokuja na madaftari yao, nilibeba kipande kimoja cha doti mpya ya Mwajuma (bila kumwambia, ndiyo) ili Lasse akifunga nimtunze, kama tunavyomtunza kwetu mcheza ngoma aliyetukosha. Zimebaki dakika sita, timu ziko sare, Lasse akafunga. Kilango cha wachezaji kiko wazi, nami huyo ndani na viatu vyangu vya ngozi, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu sikuiona, nikateleza kwa mgongo hadi miguuni mwa refa, tukalala wote wawili chini ya kanga.

Refa akainuka, akauliza mtu huyu ni wa nani. Lasse angeweza kunikana, na ningemwelewa.

"Ni wa kwetu," akasema. "Jirani yangu."

Hapohapo refa akamtoa nje dakika mbili kwa ajili yangu, na nilipoona Wakanada wanaandika, machozi yakanilenga, nikajua nimemharibia mtoto wa watu. Kumbe Lasse kajifunga kanga shingoni, kakaa kwenye benchi la adhabu anacheka, ukumbi mzima unacheka naye, na alipoachiwa akaingia bila kutetemeka hata kidogo akafunga jingine.

Kiangazi barua ikaja, Kanada wamemchagua. Baba yake aliniambia shaka yao ilikuwa kwenye moyo tu, na siku ile waliuona. Nilipita mlango kwa mlango kwa wote walionicheka, kifua mbele.

Tangu hapo nimeapa, nikitaka kumtunza mtu nitamsubiri nje, kwenye ardhi ya kawaida. Lasse aliondoka na kanga yake, kipande cha pili anacho Mwajuma, na kila akijifunga ananiuliza mwenzake yuko wapi. Namjibu yuko Kanada, anacheza hoki.