Ubishi wa Fundi Viatu

Fundi viatu wa Kijenge hushona huku akibishana, vidole vyake vimeganda gundi, sauti juu kana kwamba yuko uwanjani. Yeye ni Yanga tangu ujana. Kwake marefa wote ni vipofu, waimbaji wa siku hizi hawaimbi bali wanalialia, na vita vyote duniani vingekwisha ndani ya wiki moja kama marais wangelala kwenye mahandaki pamoja na askari wao. “Au nasema uongo, mwanangu?” huniuliza, nami kama mtu wa Simba humpinga kidogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na haraka. Nilipokea viatu vyangu, nikamwambia, “Sawa mzee, leo umenishinda. Yanga ndiyo timu.” Nilidhani atacheka. Sindano ikabaki katikati ya ngozi. Alitazama barabarani, akanitazama mimi, kisha akanisogezea kigoda kwa mguu.

“Hapana,” alisema taratibu. “Hata Simba wana hoja zao. Kaa kwanza unieleze.”

Nikakaa. Nikaanza kumshambulia kipa wa Yanga, ambaye hata jina lake silijui.