Sifa Alizopewa Dada Zuhura

Harufu ya salfa ikinifika puani, hasira hunipanda hata kabla ya chafya. Dada yangu Zuhura alitolewa unyagoni wakati wa kupulizia mikorosho dawa hiyo, kwetu Nkowe, na lile vumbi la njano lilikuwa limetua mpaka kwenye khanga zetu za sherehe. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Yeye alikuwa na kumi na minne, darasa la saba, na mtihani ulikuwa mbele yake.

Lazima mjue Zuhura alikuwa msemaji wa namna gani. Akitoka kuchota maji tulimsikia kabla hatujamwona. Bibi alimwita redio isiyomaliza betri. Lakini tangu masika ya mwaka ule, kabla hata ya unyago, alikuwa ameanza kuzimika. Ugali aliumega, akaufinyanga, akaurudisha sahanini. Alfajiri nilimkuta ameshaamka, ameegemea ukuta, hafanyi kitu.

Kwetu mwali akitoka hukaa mkekani siku kadhaa, macho chini, akisalimiwa anainamisha kichwa tu. Wenzake walikaa hivyo wiki moja, kisha wakarudia kelele zao. Zuhura aliendelea. Wiki ya pili, ya tatu, mwezi. Na jamani, wakamsifu! Shangazi Somoe, aliyekuwa kungwi wake, alitembea kifua mbele kijiji kizima.

"Huyu kafundwa, kafundika. Hao wengine viherehere tu."

Mama mmoja alipanda bodaboda kutoka Mtua kuja kumwomba shangazi amfunde na binti yake. Wengine walileta kuku. Nami, Mungu anisamehe, niliwala wale kuku kwa furaha na nikajifunza kukaa macho chini ili siku moja nisifiwe hivyohivyo.

Asubuhi moja wageni wamejaa barazani, Zuhura alinivuta mkono.

"Mwambie mama siko sawa," alisema. "Kichwa kizito, sitamani kitu chochote. Mimi nashindwa kumwambia."

"Nyamaza bwana," nikamjibu. "Utaharibu. Si unaona wanakusifia?"

Akanyamaza. Siku ya mtihani aliingia chumba cha mtihani, akakaa, akarudisha karatasi haina hata jibu moja. Mwalimu akasema ni uvivu. Shangazi akasema haya imemzidi. Mama akasema basi, atapata mume mapema, na kweli akampata. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anajisikiaje. Watu wazima wote wale, na vinywa vyote vile vya kusifia! Nikikumbuka natamani kurudi nikaupindue ule mkeka.

Mwaka jana, baada ya kumkuta hajaoga wala kula siku tatu, nilimpeleka hospitali Nachingwea. Muuguzi, binti mdogo tu, alitueleza kwamba huo ni ugonjwa, una matibabu, na huwapata hata watoto. Kisha akamuuliza ulianza lini.

"Darasa la saba," Zuhura akasema.

"Na hukumwambia mtu?"

Dada akanionyesha kwa kidevu. "Huyu nilimwambia."

Alisema taratibu, bila kinyongo, huku akinishika mkono kama asubuhi ile. Siku hizi anatumia dawa na ameanza tena kuongea, mpaka wanawe wanamlalamikia. Hasira hana. Zote nimebaki nazo mimi.