Fundi Aliyeshika Filimbi

Barua ilifika klabuni wiki ya pili ya Januari, na Mwenyekiti aliisoma mbele ya wanachama huku miwani imemtelemka puani. Chama cha ligi kilikuwa kimechoka kutafuta marefa wa kubahatisha. Kuanzia msimu huo, kila klabu ilitakiwa itoe refa wake mwenye cheti, wa kwenda kuchezesha mechi za klabu nyingine. Ambayo haina, ikae nyumbani.

"Haya," Mwenyekiti akasema. "Nani anakwenda kusomea?"

Ukumbi wote ukapata shughuli. Mmoja akafunga kamba za viatu vilivyokwisha fungwa, mwingine akaanza kuhesabu mabati ya dari. Golikipa, ambaye siku za kazi ni kinyozi, akasema waziwazi kile wenzake walichokuwa wanakimeza: "Refa hutukanwa hadi ukoo wake uliozikwa. Mimi matusi ya wateja yananitosha."

Fundi alikuwa pale kwa kazi yake tu. Alikuja na futi shingoni na penseli sikioni kuwapima wachezaji jezi mpya, maana ni yeye aliyezishona kila mwaka. Alikuwa na miaka arobaini na nne, watoto watatu, na cherehani ya kukanyaga aliyoinunua kabla hajaolewa. Mumewe, mwashi, aliwahi kuwa beki wa timu hiyo, na sasa mchezo wake ulikuwa drafti kibarazani. Miaka kumi na tisa mfululizo Fundi alikuwa ametazama mpira kutoka pembeni mwa uwanja ule, na mara nyingi alijua kosa kabla filimbi haijalia.

Alimaliza kumpima mchezaji kifua, akaandika namba kwenye daftari lake, kisha akasema, "Nitakwenda mimi."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka akitekenywa. Mwenyekiti, ambaye ni kaka mkubwa wa mumewe, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Shemeji, hii si kupinda sketi."

"Najua. Sketi haina sheria kumi na saba," Fundi akajibu. "Umepata mwingine?"

Hakuwa na mwingine. Jina la Fundi likaandikwa.

Kitabu cha sheria alikisoma kazini, amekiegemeza kwenye kikopo cha vifungo, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye kifungu cha kuotea. Wateja wakija kuchukua nguo aliwauliza maswali: mpira ukimgonga refa ukaingia golini, ni goli? Kuna mama mmoja alikuja kupunguziwa gauni akaondoka anajua sheria ya penalti kuliko mwanawe anayecheza winga. Siku ya mtihani wa kuandika, kati ya watu ishirini na wawili, Fundi alishika namba moja.

Lakini mtihani wa mbio ulimkalia vibaya. Ilikuwa mizunguko sita ya uwanja kwa muda uliopangwa, na mkufunzi, mzee mkavu mwenye saa mkononi, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Fundi alikuwa amejiuliza: miguu iliyokanyaga cherehani miaka ishirini na sita ingeshindwa nini? Kumbe kukanyaga ukiwa umekaa ni mambo mengine. Mzunguko wa tano pumzi ilimtoka, wa sita akaukata nusu, na saa ikalia.

"Wiki sita," mkufunzi akamwambia, bila kumwonea huruma wala kumdharau. "Rudi, au usirudi."

Habari zilifika klabuni kabla yake. Golikipa akasema klabu itafute kijana haraka. Mwenyekiti akasema yeye alijua. Mumewe kesho yake alirudi kutoka kazini na raba za mtumba, akaziweka mlangoni. Zilikuwa kubwa kidogo. Fundi akajaza pamba mbele.

Kila alfajiri akawa anazunguka uwanja. Siku za mwanzo alikimbia mizunguko miwili na kutembea mitatu, mbavu zikimchoma. Mlinzi wa shule ya jirani alimpigia kelele kutoka getini, "Mama, unakimbizwa na nani?"

"Na saa!" akajibu, bila kusimama.

Goti la kulia likavimba. Akalifunga kwa kitambaa, akapumzika siku mbili, akarudi. Mumewe alichukua kazi ya kuwaandaa watoto kwenda shule, na watoto wakazoea kwenda na vifungo vya shati vimepishana. Wiki ya sita alisimama tena mbele ya yule mzee mkavu. Alimaliza mzunguko wa mwisho zikiwa zimebaki sekunde nne. Aliinama akashika magoti, akatapika chai yote, na mzee akamsubiri amalize ndipo akampa mkono.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Machi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya kiwanda cha matofali. "Rudi jikoni, ugali unaungua!" mtu akamrushia. Fundi akaendelea kukimbia. Lakini kocha mmoja alipoingia uwanjani akamnyooshea kidole usoni, alikitazama kidole kile kama anavyotazama mshono uliopinda, akamwonyesha kadi ya njano. Kocha akarudi kwenye benchi. Hapo ndipo wachezaji walipoanza kumwita "refa" badala ya "wewe mama".

Mwezi baada ya mwezi jina lake likatembea. Hakuwa na makeke. Alikuwa na tabia moja tu: akikosea, alikubali. Mwezi wa tano alimpa mtu kadi isiyo yake, na mechi ilipokwisha akamfuata hadi kwenye benchi akamwambia, "Ile haikuwa yako. Nimeiandika hivyo kwenye ripoti." Watu wa mpira hawajazoea jambo kama hilo. Kufika Agosti, klabu zikawa zinamwomba kwa jina.

Klabu yake nayo ilikuwa imewaka mwaka ule. Timu ilishinda hadi ikashangaa yenyewe. Novemba ilipoingia, walikuwa wamemaliza mechi zao zote na wanaongoza wakiwa na pointi thelathini na moja. Timu moja tu, ile ya wafanyakazi wa karakana, ilikuwa na ishirini na tisa na mechi moja mkononi. Ikishinda, inabeba ubingwa na kupanda daraja. Ikitoka sare au kufungwa, inayopanda ni klabu ya Fundi, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe.

Na refa aliyepangiwa mechi hiyo alikuwa Fundi.

Alikwenda mwenyewe ofisi ya chama cha ligi. "Mnitoe. Matokeo ya mechi hii yanaigusa klabu yangu."

Katibu akamsukumia karatasi. Timu zote mbili zilikuwa zimetia sahihi kumtaka yeye. "Karakana wanajua unatoka wapi," akasema. "Wamesema wakikosa haki kwako, basi haipo popote."

Klabuni walishangilia kana kwamba kombe limeshafika. Wengine walimkonyeza. Mwenyekiti akamvuta kando, karibu na meza ya birika la chai.

"Sikuombi kitu, shemeji. Nakukumbusha tu umekaa kwenye kiti cha nani."

"Kiti ni cha klabu," Fundi akasema, "na filimbi ni ya mechi."

Maneno yalitoka imara, lakini usiku ule alishona mkono wa kulia wa blauzi kwenye bega la kushoto, akalazimika kuufumua.

Siku ya mechi uwanja ulijaa hadi juu ya ukuta. Karakana walitangulia kufunga, wapinzani wakasawazisha, na ikabaki bao moja kila upande hadi dakika ya themanini na saba. Kona ikapigwa. Watu kumi na tano wakaruka pamoja, na katikati ya vile vichwa Fundi akauona mkono wa beki wa wapinzani ukinyooka na kuusukuma mpira nje, mkono wa kukusudia kabisa. Mshika kibendera alikuwa amezibwa. Ni mchezaji mmoja tu wa Karakana aliyelalamika, naye hakuwa na uhakika.

Fundi alitaka klabu yake ipande. Aliitaka hivyo tangu asubuhi, na pale pale, filimbi ikiwa mdomoni, aliitaka zaidi. Akapuliza, akanyoosha mkono kwenye alama ya penalti.

Karakana wakafunga. Mbili moja. Pointi thelathini na mbili.

Nyumbani mumewe alikuwa ameketi mlangoni, bado na vumbi la saruji kwenye nyusi. Habari alikuwa ameshazipata.

"Aliushika?"

"Aliushika."

"Basi," akasema, akaingia kumchemshia maji ya kuoga.

Klabuni hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Akiingia, mazungumzo yalikatika kama uzi. Habari zikamfikia kuwa jezi za msimu ujao zimepelekwa kwa fundi mwingine. Kibarazani mumewe alikosa mtu wa kucheza naye drafti, akawa anapanga kete za pande zote mbili na kujifunga mwenyewe. Fundi hata hivyo alikwenda kila Jumamosi, saa ile ile. Alijimiminia chai, akawatazama wanawake wa klabu wakicheza mpira wa pete hadi mwisho, akaaga, akaondoka. Wanawake wa mpira wa pete ndio waliokuwa wa kwanza kumjibu salamu.

Mkutano mkuu ulifanyika Desemba. Golikipa akasimama, na hasira ya mwezi mzima. "Napendekeza tutoe refa mwingine. Mtu anayejua nyumbani kwao ni wapi."

"Anayeunga mkono?" Mwenyekiti akauliza. Mikono mingi ikapanda. "Haya. Na nani atakwenda kusomea?"

Mikono yote ikashuka.

Fundi akasimama. "Mimi bado ni refa, mkinipenda msinipende. Cheti kina jina langu na nilikikimbilia kwa miguu yangu. Ila someni waraka mpya ulio ukutani tangu juzi. Mwakani kila klabu itoe marefa wawili. Nilikuja kuomba mtu mmoja zaidi, nimfundishe."

Golikipa, ambaye alikuwa hajaketi, akakohoa. "Mizunguko ni mingapi?"

"Sita."

"Na kitabu?"

"Nitakuazima."

"Nitakisoma," akasema kwa ukali, "ili siku nyingine nikikubishia, nikubishie kwa kifungu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Kesho alfajiri, uwanjani."

Mwenyekiti aliandika jina bila kuinua macho. Hakumwomba Fundi radhi siku hiyo, wala hadi leo.

Golikipa alifika amechelewa dakika kumi, akamkuta Fundi ameshaanza. Alikimbia kwa kiburi mizunguko miwili, wa tatu kwa aibu, alipomaliza wa nne akasimama na kushika kiuno. Fundi alipomfikia alipunguza mwendo.

"Nikuulize, dada," Golikipa akasema akihema. "Siku ile ungefumba macho kidogo tu, nani angejua?"

"Yule beki angejua," Fundi akasema. "Haya, nyanyua miguu. Bado miwili."