Sahani ya Mmarekani

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la soka lililochezwa hapa, mume wangu alituletea Mmarekani mezani. Mume wangu alikuwa kocha msaidizi wa timu ya mpira wa kikapu hapa Durban, na kijana yule, aliyetoka kumaliza chuo kwao, alikuja kujaribiwa. Akicheza vizuri Jumamosi, angepata mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Akiboronga, angerudi kwa mama yake. Ilimbidi ainame kupita mlango wa fleti yetu ya mtaa wa Albert Park, lakini macho yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Nikamhurumia hapo hapo.

Jumamosi, zikiwa zimebaki saa mbili mechi ianze, nilimpakulia fufu na sombe, ugali wa muhogo na kisamvu cha kwetu. Mume wangu alikuwa ametangulia ukumbini, na Kiingereza changu kilikuwa cha saluni tu: kata, suka, ngoja. Kijana akala, akamaliza, sahani ikang'aa. Kwetu Bukavu mgeni aliyeshiba hubakiza kidogo. Sahani tupu maana yake bado ana njaa. Nikaongeza. Akanitazama, akashusha pumzi, akamaliza tena. Nikaongeza tena. Sifichi, nilijivuna: ni nani Durban nzima ambaye sombe yake iliwahi kuliwa namna ile?

Uwanjani alikimbia kama mjamzito wa miezi tisa. Aliruka mara mbili, mara mbili hakufika. Kocha mkuu akamtoa mapema, kijana akakaa benchi ameshika tumbo.

Mume wangu akanifuata jukwaani, amefura.

"Mama, ulimukulisha nini huyu mutoto?"

"Sahani ilikuwa wazi! Mi ningemuacha na njaa?"

"Eish! Kwao walimufundisha asibakize chakula ya mutu. Aliogopa kukukosea heshima."

Nililia mbele za watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga; mimi mwenyeji nilikuwa nimemmaliza mgeni. Nikamwendea kocha mkuu na Kiingereza changu kile kile, nikamwambia kosa ni langu. Alinisikiliza kwa upole, akasema nafasi ilikuwa moja na imeshapata mtu.

Jumatatu kijana alikuja kuaga, begi begani. Nilimpakulia kidogo tu, kwa aibu. Alikula polepole, kisha akaisogeza sahani mbele yangu na kunitazama, akisubiri. Pembeni alikuwa amebakiza tonge moja. Mume wangu alikuwa amemfundisha.

Siku hiyo ndiyo niliyotamani amalize, nimwongeze.