Pikipiki Iliyomkataa Mama Mkwe

Pikipiki yangu ilikubali kumbeba kila mtu isipokuwa mama mkwe wangu.

Najua unacheka. Cheka tu, steji nzima ya boda ilicheka. Mimi nakusimulia nilichokiona kwa macho yangu.

Pikipiki hiyo hiyo ilikuwa imepanda mlima na magunia ya viazi. Ikapanda na mbuzi aliyefungwa nyuma akilia njia nzima. Ikapanda na mwalimu mkuu mmoja ambaye akikaa, springi zinaomba msamaha.

Lakini Mama Waithira, mwanamke mwembamba mwenye kikapu kimoja tu, akipanda yeye, tukifika katikati ya mlima injini inapiga kelele waaaa! Gurudumu la nyuma nalo halina habari.

Niite Ngatia. Naendesha boda pale Skuta, Nyeri. Waithira ndiye msichana niliyetaka kumwoa, na mama yake huuza vitunguu sokoni mjini. Nyumba yao iko ng'ambo ya mto, juu ya mlima ambao hata ng'ombe huupanda akipumzika.

Mama alipoanza kusumbuliwa na goti, Waithira akaniambia, "Ngatia, siku za soko uwe unamrudisha mum nyumbani."

Ningekataaje? Nilikuwa natafuta pa kuonyesha kwamba mimi ni mtu wa maana.

Siku ya kwanza tukakwama. Nikasema ni bahati mbaya. Mama akashuka, akaupanda mlima kwa goti lake bovu, mimi nyuma yake nikisukuma pikipiki inayonguruma bure. Watu wa kibanda cha chai wakatoka nje na vikombe vyao kutazama.

Siku ya pili, vile vile.

"Hiyo ni ishara," Simeon akaniambia steji. "Pikipiki imekataa hiyo harusi."

"Pikipiki haina akili."

"Na wewe uko nayo?"

Huyo Simeon ni mwenzangu wa boda. Anajua kila kitu, na hajawahi kumiliki hata spana moja. Alipomaliza kunicheka akaanza kunitibu.

"Maze, ni klachi imelegea. Kaza kebo."

Tukakaza. Tukakaza mpaka liva ya mkono wa kushoto ikakosa mchezo kabisa, ukiigusa tu inavuta. Simeon akajipangusa mikono akasema sasa hata Mlima Kenya nitapanda.

Mara ya tatu pikipiki haikungoja katikati. Ilikufa nguvu pale pale mlima unapoanzia.

Jioni hiyo Waithira akanipigia simu.

"Ngatia, mum amesema tungoje kidogo na mambo ya ruracio."

Ruracio, siku ya watu wangu kwenda kwao kuzungumza mahari, ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja. Wazee walikuwa wameshaambiwa. Mjomba alikuwa ameshanunua kofia mpya.

"Tungoje nini?"

"Hasemi. Ukimuuliza anasema tu ati haraka ni ya nini. Umemfanyia nini mum?"

"Mimi? Sijamfanyia kitu!"

"Basi kuna kitu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia.

Nikakata simu nikakaa juu ya ndoo. Nilimpenda huyo msichana, jamani. Nilimpenda mpaka nilikuwa nimeacha kubishana mpira na watu. Sasa ninyimwe mke kwa sababu ya klachi?

Kesho yake asubuhi nikampelekea Nimesh pikipiki. Yeye na mama yake, Rasila, wana duka la speya mjini na karakana ndogo nyuma yake, tangu enzi za babu yake. Ukimsikia Nimesh akiongea Kikuyu bila kumwona, utasema huyu ni Mkikuyu wa Othaya.

Akagusa liva mara moja akaniangalia.

"Nani alikaza hii kebo?"

"Mtaalamu."

"Huyo mtaalamu asishike kitu tena. Kebo ikikazwa hivi, ni kama umevuta klachi kidogo saa zote na hujui. Pleti za klachi haziumani vizuri. Injini inazunguka, lakini nguvu haifiki kwa gurudumu."

Akamwaga oili, akafungua. Pleti zilikuwa nyeusi, zinanuka kuungua. Akaweka mpya, akabadilisha na springi, akatia oili ya pikipiki, si ile ya gari ambayo Simeon husema ni kitu kimoja. Halafu akaanza kurekebisha kebo, anazungusha nati kidogo, anajaribu liva, anazungusha tena.

"Icheze kidogo hapa mwisho kabla ianze kuvuta," akasema. "Hiyo nafasi usiniondolee."

Tukaenda kuijaribu kwenye ule ule mlima. Nimesh akakaa nyuma yangu, na Nimesh si mdogo, chakula cha mama yake anakitendea haki. Juu ya mapaja akapakata gunia la speya. Tulipanda mpaka juu tukipiga hadithi.

Nilitaka kumkumbatia.

Ijumaa ikafika, siku ya soko, kesho yake ndiyo Jumamosi yenyewe. Nilijiambia mama akifika kwake leo akiwa amekaa, atalainika. Nikaiosha pikipiki mpaka ikang'aa. Nikamchukua sokoni, tukavuka mto, tukaanza mlima.

Waaaa!

Harufu ya kuungua ikapanda mpaka puani. Mama akashuka, akafunga shuka lake mabegani, akatazama bondeni. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nikampigia Nimesh nikipayuka.

"Haiwezekani," akasema. "Ngojeni hapo hapo."

Alikuja na pikipiki ya duka, mikono bado ina oili. Akamsalimu mama kwa Kikuyu safi, kisha akatugeukia.

"Shukeni mpaka chini, mpande vile mnapandanga kila siku. Mimi nitawaangalia."

Tukashuka. Nikakaa. Mama akakaa. Nikatia giya, na hatukufika mbali.

"Simama! Simama hapo!"

Nimesh alikuwa ameshikilia ua wa mtu, anacheka mpaka machozi.

"Ngatia, umekaa wapi?"

"Kwa pikipiki."

"Wapi! Umekaa kwa tenki! Hebu angalia mikono yako."

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Kati yangu na mama kulikuwa na nafasi ya kutosha kabichi za kuuza. Mimi nilikuwa nimebanwa huko mbele, tumbo juu ya tenki, viwiko nje, na vidole vyote vya kushoto vimekumbatia usukani pamoja na liva ya klachi. Nilikuwa naivuta mwenyewe, mlima wote, kila siku.

"Na mimi nikakuwekea pleti mpya," Nimesh akasema. "Kumbe speya mbovu ni wewe. Ukinibeba mimi hukai hivyo. Mbona mama?"

Mimi nimelelewa na nyanya, na nyanya yangu hakuwa na mchezo. Kwetu, mama mkwe ni muthoni. Hukai naye benchi moja. Humkodolei macho. Mkikutana njiani unampisha. Sasa weka mtu kama huyo nyuma yako kwenye kiti cha pikipiki, uone kama hutajikuta kwenye tenki bila kujua.

Nikamvuta Nimesh kando. "Huyo ni muthoni wangu," nikanong'ona. "Nitamgusaje na mgongo?"

Nilidhani nimenong'ona.

"Ati nini?" Mama akauliza.

"Ni... ni heshima, Mama." Nilikuwa naliambia gurudumu, si yeye.

"Ati ni heshima?"

Kisha akasema neno ambalo sikulitarajia hata kidogo.

"Mimi nilifikiria ni vitunguu."

"Vitunguu?"

"Kila siku nikipanda, wewe unaniruka unaenda kwa tenki. Nikikuongelesha, unajibu ukiangalia huko kando. Nikasema huyu kijana ananisikia harufu. Nikabadilisha sabuni. Hii shuka nafua kila jioni. Na bado unanikimbia." Akalivuta shuka. "Nikajiuliza, kama ananikimbia na bado hajaoa msichana yangu, akishaoa si atanifungia mlango?"

Nimesh aliacha kucheka.

Mimi nilisimama pale nikakosa pa kuweka uso. Kumbe haikuwa ishara. Kumbe shida ya mama haikuwa pikipiki hata kidogo. Alikuwa akipanda ule mlima na goti bovu, huku akijinusa shuka.

"Mama," nikasema, na kwa mara ya kwanza nikamwangalia usoni, "sijawahi kusikia harufu yoyote. Nilikuwa naogopa kukukosea."

"Na sasa ndio ulinikosea."

"Nisamehe, Mama."

Midomo ikaanza kumcheza, akijizuia.

"Kaa kwa kiti," akasema.

"Mama, lakini..."

"Nyanyako ako hapa?"

"Hayuko."

"Basi rudi nyuma. Hiyo heshima ya kukaa mbali ilikuwa ya watu wa kutembea na miguu."

Nikarudi nyuma. Mama akaweka mikono yake miwili mabegani mwangu, akashika kweli kweli. Viwiko vyangu vikashuka. Vidole vikaachana na liva. Nikatia giya ya kwanza, nikaachilia polepole, na pikipiki ikavuta.

Tukapanda! Tulipopita kibanda cha chai, wale watu wakasimama na vikombe vyao, mmoja akapiga makofi. Mama akawapungia mkono kama anayeomba kura.

Pale langoni kwake akashuka, akanyoosha goti, akaniambia nimpigie Waithira. Nikapiga, nikampa simu.

"Waithira? Kesho pika ya kutosha. Wageni wanakuja." Akasikiliza kidogo. "Sasa unalia nini? Ambia pia shangazi yako alete masufuria."

Akanirudishia simu, akabeba kikapu chake, akafungua lango. Kisha akageuka.

"Na wewe kesho ukikuja, unisalimie kwa mkono. Mbele ya wazee wote."

Nilimsalimia kwa mkono. Mjomba nusura aangushe ile kofia.

Basi wewe unayesoma, kama una pikipiki, usikaze kebo mpaka liva ikose mchezo, na vidole vikae mbali na klachi kama huihitaji. Hilo ni la fundi, muulize Nimesh.

Hili lingine ni langu. Kama unamheshimu mtu, fungua mdomo umwambie. Yaliyo moyoni mwako yeye hayaoni. Yeye anaona tu vile unajisogeza mbali naye, na anaenda nyumbani kujiuliza ana kasoro gani.